Upangaji wa swichi za rimoti ya droni
Upangaji wa swichi ni kuipa kila swichi ya rimoti kazi yake: kuzima mota, kubadili namna ya kuruka au kuirudisha droni ilikoanzia. Kwa kuwa macho ya rubani yako angani, kidole ndicho kinachotafuta swichi. Hivyo swichi ya kuzima mota hufaa kutengwa na nyingine. Wapo wanaosema kwamba mfumo wa kurudi wenyewe mawasiliano yanapokatika unatosha bila upangaji huo. Lakini mfumo huo nao hufuata mpango uliowekwa kabla ya kuruka. Kwa mfano, huko Gede nchini Kenya, ambako magofu yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2024 yamezungukwa na miti mirefu, majani hudhoofisha mawimbi ya gigahezi 2.4, na kimo cha kurudi kilicho chini ya vilele huipeleka droni mtini.