Kesi za mabomu ya Dar es Salaam na Nairobi: Michoro ilivyochukua nafasi ya kamera

MTANZANIA aliyetaka kumwona Ahmed Khalfan Ghailani akisikiliza kesi yake mjini New York mwaka 2010 alikuwa na njia moja tu: kutazama mchoro. Kamera hazikuruhusiwa ndani ya mahakama hiyo, hivyo msomaji wa gazeti aliyekuwa Vugiri, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, na yule wa Dar es Salaam, wote walitegemea mkono wa mchoraji.

Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishitakiwa kwa kushiriki katika milipuko ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi. Watu 224 walipoteza maisha, 11 kati yao Dar es Salaam na 213 Nairobi. Hakuna Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waliokufa Dar es Salaam, na hilo ndilo linaloifanya kesi iliyosikilizwa mbali sana na nyumbani kuwa sehemu ya historia ya Watanzania.

Zuio la kamera lina chimbuko lake. Mwaka 1935, katika mji wa Flemington, jimbo la New Jersey, Bruno Hauptmann alishitakiwa kwa mauaji ya mtoto mchanga wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh. Wapiga picha walifurika, na kesi ikageuka kuwa kama tamasha. Mwaka 1937 chama cha wanasheria wa Marekani kilitoa mwongozo wa kupinga upigaji picha mahakamani, na mwaka 1946 Kanuni ya 53 ya mwenendo wa kesi za jinai ilipiga marufuku jambo hilo katika mahakama za shirikisho. Kanuni hiyo ingali inatumika.

Kalamu na karatasi havikuzuiwa, na hapo ndipo mchoraji alipopata kazi. Huketi katika nafasi aliyopangiwa, mara nyingi akitumia chaki za rangi kwa kuwa hazihitaji kusubiriwa zikauke. Wengine huwa na darubini ndogo ya kuwasogezea sura iliyo mbali. Mchoro ukikamilika, hupigwa picha nje ya chumba cha mahakama na kusambazwa na mashirika ya habari.

Nchini Uingereza masharti ni makali zaidi. Sheria ya mwaka 1925 inakataza kupiga picha na pia kuchora ndani ya mahakama. Mchoraji hutazama kwa makini, huandika maelezo mafupi, kisha hutoka na kuchora kwa kumbukumbu.

Kabla ya Ghailani, washitakiwa wanne wa milipuko hiyo walikwishahukumiwa mjini New York mwaka 2001. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Mei 29, 2001 wote walitiwa hatiani. Jopo lililosikiliza kesi halikuafikiana kuhusu adhabu ya kifo kwa Mohamed, na Oktoba 2001 Jaji Leonard Sand akamhukumu kifungo cha maisha.

Safari ya Ghailani ilikuwa ndefu zaidi. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa na Shirika la Ujasusi la Marekani (CIA), kisha akapelekwa Guantanamo mwaka 2006. Juni 2009 alihamishiwa New York, akawa mfungwa wa kwanza wa Guantanamo kushitakiwa katika mahakama ya kiraia nchini Marekani. Kabla ya ushahidi kuanza, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashitaka, kwa sababu jina lake lilipatikana kutokana na mahojiano ya mabavu. Novemba 17, 2010 Ghailani aliachiwa katika mashitaka zaidi ya 280, yakiwamo yote ya mauaji, na kutiwa hatiani katika shitaka moja la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Januari 25, 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Michoro ya kesi za namna hii inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea picha za watuhumiwa wakishuka kwenye karandinga katika Mahakama ya Kisutu, hatamwona mshitakiwa kizimbani. Katika mahakama za Marekani mshitakiwa huketi mezani kando ya mawakili wake. Wajumbe 12 wa jopo ndio wanaoamua kama ana hatia, tofauti na wazee wa baraza wa Tanzania ambao humpa jaji maoni tu. Hata hivyo, kwa usalama wao, mara nyingi wachoraji huacha nyuso zao bila maumbo.

Jambo la pili ni usahihi. Mchoro ni tafsiri ya mtu mmoja, aliyeketi upande mmoja, akiwa na muda mfupi. Juni 2008 huko Guantanamo, Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alilalamika kwamba mchoraji Janet Hamlin alikuwa amekosea pua yake. Hamlin aliirekebisha. Huko, kila mchoro ulikaguliwa na maofisa wa usalama kabla ya kutolewa.

Thamani ya michoro hii imetambuliwa. Maktaba ya Bunge la Marekani inahifadhi mkusanyiko mkubwa wa michoro ya mahakamani, na mwaka 2017 ilifungua maonyesho yake kwa umma.

Hata hivyo, mchoro humwonyesha zaidi aliye hai na aliyemo chumbani: mshitakiwa, wakili, jaji na shahidi. Waliouawa hawamo. Anayetaka kuielewa kesi ya Ghailani hana budi kuitazama michoro hiyo pamoja na kumbukumbu za maandishi za mahakama na majina ya watu 11 waliokufa Dar es Salaam.