Muda Mrefu Ni Saa Ngapi?

Usiku wa Februari 25, 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraq lilipiga jengo walimolala wanajeshi wa Marekani karibu na Dhahran, Saudi Arabia. Wanajeshi 28 walikufa. Mtambo wa Patriot uliowekwa kudungua makombora kama hayo haukurusha chochote.

Masomo yangu ya uzamili yanahusu kupima programu zinazokaa ndani ya mashine, zile ambazo jibu sahihi likichelewa huwa kosa. Niliposoma ripoti ya 1992 ya wakaguzi wa Bunge la Marekani kuhusu usiku ule, nilitarajia kukuta uzembe mkubwa. Nilikuta sehemu ya kumi ya sekunde.

Patriot ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Jaribu kuandika theluthi moja kwa desimali: 0.333, na hufiki mwisho. Kompyuta, inayoandika kwa sifuri na moja tu, hupata shida hiyohiyo kwa moja ya kumi. Hapa nafasi ilikuwa biti 24, kilichozidi kilikatwa. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya saa 8 za kuwaka mfululizo, hesabu ilikosea kwa sekunde 0.0275. Baada ya saa 100, sekunde 0.3433. Scud huenda kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo rada ililitafuta kombora mita 687 mbali na lilipokuwa, ikakuta anga tupu. Mtambo wa Dhahran ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa 100.

Kwa nini kosa halikuonekana mapema? Patriot ilibuniwa kwa ajili ya Ulaya, dhidi ya ndege za Kisovieti, ikihamahama na kuwaka saa chache kila kituo. Ndani ya saa hizo kosa lilikuwepo, ila halikudhuru.

Kinachoniuma ni kwamba hatimaye lilionekana. Wiki mbili kabla, Waisraeli walikuwa wametuma data iliyoonyesha kwamba usahihi hupungua baada ya saa 8. Programu ikarekebishwa Februari 16. Februari 21 vikosi vikatumiwa ujumbe kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta hitilafu. Urefu wenyewe haukutajwa; maofisa walidhani hakuna anayeuwasha kiasi hicho. Kuuzima na kuuwasha upya kungerudisha saa kwenye sifuri.

Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya vifo.

Kuhusu kosa lile, wengi hufundisha hesabu ya biti 24. Mimi ningeanza na ule ujumbe. Waliopima walikuwa na namba mkononi, 8. Waliokaa kwenye mtambo waliambiwa "muda mrefu sana", na kila mmoja alibaki kukisia mwenyewe.