Trikomonasi ya njiwa

Trikomonasi ya njiwa ni ugonjwa wa mdomo, koo na kifuko cha chakula shingoni, unaoletwa na kimelea cha seli moja, Trichomonas gallinae. Njiwa wazima wengi hukibeba bila dalili, kisha huwaambukiza makinda kwa maziwa ya kifuko hicho wanayowatapikia. Maji ya kunywa ya pamoja nayo huueneza ugonjwa. Kinda mgonjwa hukonda, na kooni huota uvimbe wa njano mithili ya jibini unaoweza kuziba pumzi. Usibanduliwe kwa nguvu, kwani ndege huvuja damu.

Dawa ni za jamii moja: metronidazoli, ronidazoli na karnidazoli. Hii ya mwisho hutolewa mara moja tu, kidonge cha miligramu 10 kwa njiwa mzima na nusu yake kwa kinda. Dozi pungufu zinazorudiwarudiwa ndizo kosa kubwa la wafugaji, maana huzaa vimelea sugu. Kinga ni kutibu wazazi kabla ya kutaga, na kuosha vyombo vya maji kila siku. Kozi, ndege mwindaji, akilishwa njiwa mbichi huambukizwa pia.