Chambo cha Mputa: Historia ya Ndoano Katika Ufuo wa Majanji

Historia ya sangara katika Ziwa Victoria imeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara imeandikwa kwa kutazama nyavu, viwanda na ndege za mizigo. Mwandishi huhesabu tani, hutaja Ulaya, kisha huwalilia samaki wadogo waliotoweka. Katika insha hii nataka kuitazama historia hiyo kupitia kitu kidogo zaidi, yaani chambo. Dai langu ni kwamba ukifuata kile ambacho mvuvi wa ndoano amekitunga kwenye ndoano yake, kizazi baada ya kizazi, utayaona mabadiliko ya ziwa waziwazi kuliko ukifuata vitabu vya hesabu vya viwanda. Eneo langu ni Majanji, mwalo ulio kusini mwa Lumino, kwenye Ghuba ya Berkeley, pale ambapo mpaka wa Uganda na Kenya unaingia majini.

Kwanza jina. Samaki ambaye Watanzania humwita sangara, huku kwetu Uganda tunamwita mputa, na jamaa zetu walio ng'ambo ya mto Sio wanamwita mbuta. Nasema jamaa zetu kwa sababu Wasamia tuko pande zote mbili. Mpaka kati yetu ni matokeo ya mwaka 1902, Waingereza walipouhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Samaki hawakuarifiwa.

Sasa ndoano. Mwanafunzi wa Kiswahili akisoma habari za wavuvi, mara nyingi hupelekwa pwani, ambako mvuvi humtega papa kwa pande kubwa la nyama ya samaki lenye damu na mafuta, maana papa huifuata harufu kutoka mbali. Ziwa letu halina papa. Hata hivyo kanuni ya chambo kikubwa ni ile ile. Ukitunga kitu kidogo, wadogo watakidonoa na kukimaliza kabla mkubwa hajafika. Ukitunga kitu kikubwa, mdomo mdogo unashindwa, na ndoano inabaki ikimsubiri mwenye mdomo wa kutosha. Tofauti iko katika jinsi ya kumvuta. Mputa huwinda kwa macho, tena hata penye mwanga hafifu, na hupenda windo linalojitikisa. Kwa hiyo chambo chake bora ni samaki aliye hai, aliyechomwa mgongoni juu ya uti ili aendelee kuogelea.

Asiye na mtumbwi husimama ufuoni au juu ya mwamba, akafunga jiwe kwenye kamba, akairusha mbali awezavyo na kuufunga mwisho wake kwenye mti au kigingi. Mwenye mtumbwi hutandaza kamba ndefu yenye ndoano nyingi jioni na kuiinua alfajiri. Watu wa Mwanza huziita kamba hizo migonzo. Ninayemjali zaidi katika insha hii ni yule wa ufuoni, kwa kuwa hana chombo, hana injini, na jina lake halimo katika daftari lolote. Wanahistoria humpita njiani.

Kabla ya mputa kuwepo, ndoano ilikuwa ya kambale, ya mamba na ya semutundu. (Mamba ninayemsema ni yule samaki anayeweza kujizika katika tope wakati wa kiangazi, ambaye Wajaluo humwita kamongo, si yule mnyama wa meno.) Chambo kilikuwa minyoo, vipande vya samaki, na nkejje, yaani wale samaki wadogo ambao Tanzania huitwa furu na ambao walikuwa wamejaa kila mahali. Halafu mwaka 1905 nyavu za kutega zilizosokotwa kwa uzi wa kitani ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, na reli ilikuwa tayari imefika Kisumu tangu 1901. Soko lilimtaka ngege. Ngege hula mimea midogo inayoelea majini, hajali minyoo wala nyama, kwa hiyo ndoano haikuwa na kazi naye. Nadhani hapa ndipo ndoano ilipoanza kudharauliwa: fedha zilikuwa katika samaki asiyekula chambo. Mwenye nyavu akawa tajiri, mwenye ndoano akabaki mtu wa kitoweo.

Ngege walianza kupungua upesi. Mnamo 1927 na 1928 Michael Graham alilichunguza ziwa kwa niaba ya serikali za kikoloni, na katika ripoti yake ya 1929 alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Alionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa mno bila utafiti wa kina. Onyo hilo lilikuwepo kwenye karatasi kwa miaka 25 kabla halijapuuzwa. Maofisa wa Idara ya Wanyamapori ya Uganda waliwatazama nkejje wakaona mifupa mingi na nyama kidogo, samaki wasio na thamani, wakataka mlaji atakayewageuza kuwa minofu na pia kuwafurahisha wazungu wapenda kuvua kwa mchezo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 unaonyesha kwamba mputa kutoka Ziwa Albert walitiwa kimyakimya katika Ziwa Victoria, upande wa Jinja, mwaka 1954. Mwaka 1960 samaki hao walionekana, wanasayansi wakaendelea kubishana, na mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa waziwazi. Ubishi ulikuwa umekwisha kabla ya kuanza.

Kwa mvuvi wa ndoano mambo yalienda kinyume na ilivyotarajiwa. Alikuwa amepata tena samaki mkubwa anayekula chambo, na chambo chenyewe, nkejje, kilikuwa bure miguuni pake. Uchunguzi wa miaka ya mwisho wa 1960 na mwanzo wa 1970 ulikadiria kuwa nkejje walikuwa asilimia 80 hivi ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa. Mtoto aliweza kujaza kopo kabla jua halijapanda.

Kisha katika miaka ya 1980 mputa waliongezeka ghafla, kwanza upande wa Kenya, baadaye Uganda na Tanzania, na nkejje wakaporomoka. Aina nyingi, pengine mia mbili, hazikuonekana tena. Vitabu hulieleza tukio hilo kama msiba wa sayansi, na ni kweli. Lakini ufuoni lilikuwa na sura nyingine. Samaki mkubwa yupo, ndoano ipo, chambo hakipo. Mputa na mvuvi walikuwa wakigombea mdomo mmoja wa chakula, na mputa alishinda. Mvuvi akahamia kwa kambale wadogo wa mabwawa na mito. Ulikuwa uchaguzi wa akili, kwa sababu kambale hupumua hewa, ana roho ngumu, na huweza kukaa hai kwenye ndoano usiku kucha ilhali nkejje hufa mapema.

Viwanda vya minofu vilipoenea ufuoni, vilitaka samaki mkubwa asiyechubuliwa na wavu, na ndoano ikapanda cheo. Hata Ulaya ilipofunga milango kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1990, mara kwa sababu za usafi, mara kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, hitaji hilo halikufa. Ndoano ziliongezeka, na kila ndoano ilihitaji samaki mmoja hai kila usiku. Msomaji na apige hesabu mwenyewe kwa kamba yenye ndoano mia tano. Baadhi ya nkejje walikuwa wameanza kurudi katika miaka ya 1990 kadiri mputa walivyovuliwa kwa wingi, na mwaka 2007 watafiti wa upande wa Tanzania walionya kwamba uvuvi wa ndoano ulikuwa sasa unawatafuna hao hao waliokuwa wakipona. Wamefika tena kwenye ndoano, safari hii wakiwa wachache.

Hapa ndipo linapokuja jambo linalonisumbua zaidi. Kwa sheria, ndoano ni chombo chema. Chambo kikubwa humwacha mputa mchanga na kumchagua mkubwa, jambo ambalo ndilo serikali zetu tatu zinalolitaka zinaposema mputa anayeruhusiwa ni wa kuanzia sentimita 50. Lakini nkejje na kambale wachanga wanaotosha kamba nzima hawakamatwi kwa ndoano. Hukamatwa kwa kokoro la matundu madogo linaloburutwa kwenye maji ya kina kifupi, mahali samaki wanapozaliana, na kokoro limepigwa marufuku. Mvuvi halali hula mkono kwa mkono na mvuvi haramu. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilipopewa kazi ya kulinda ziwa, lililenga nyavu haramu na mitumbwi midogo, na likazichoma. Nyavu za chambo zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowaka. Mjomba wangu, ambaye huvua kwa ndoano na hajawahi kumiliki kokoro, alikaa nyumbani wiki nyingi kwa sababu hakuwa na cha kutunga. Takwimu za mwaka ule zinaweza kutueleza kama mputa wakubwa waliongezeka. Haziwezi kutueleza habari za mtu aliyekaa na ndoano tupu.

Njia iliyopatikana ni mabwawa ya kufuga. Katika Uganda na Kenya wafugaji wa kambale wamegundua kwamba vifaranga vya urefu wa kidole hununuliwa haraka na wavuvi wa mputa kuliko kambale mzima anavyonunuliwa na mpishi. Siku hizi husafirishwa wakiwa hai ndani ya mitungi ya maji iliyofungwa nyuma ya bodaboda. Chambo ambacho babu yangu alikichota bure sasa kina bei, na kwa mvuvi wa ufuoni bei hiyo hulipwa kabla hajaona hata gamba moja. Wengi wao hukopeshwa na mnunuzi wa samaki, kisha humuuzia mkopeshaji huyo huyo kwa bei anayoipanga yeye.

Vifaranga hao nao wanakula. Chakula chao huchanganywa na pumba na unga wa samaki, na unga huo kwa kawaida hutokana na mukene, yule dagaa mdogo wa fedha anayeanikwa mchangani hapo hapo Majanji.