Kutoka Sarafu Hadi Bangili

Mwishoni mwa karne ya 19, mfanyakazi wa New York aliyekwenda kupumzika ufukweni Coney Island siku ya Jumapili alibeba sarafu zake mfukoni. Kila mchezo ulikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alitaka malipo yake mlangoni. Mtu alilipa, akacheza, akatoka, kisha akapapasa mfuko. Ukiwa mwepesi, alijua saa ya kurudi nyumbani imefika. Sarafu ilikuwa pesa, na ilikuwa daftari pia.

Mwaka 1897 George C. Tilyou alifungua bustani ya burudani ya Steeplechase Park hapohapo Coney Island, akaizungushia uzio na kuuza tiketi moja ya senti 25 kwa michezo mingi. Pesa sasa ilitoka mara moja, langoni. Mgeni aliyekwisha kulipa hakuwa na haraka ya kuondoka, na mtu akikaa muda mrefu huona njaa na kiu. Tangu hapo historia ya bustani za burudani imekuwa pia historia ya kuutenganisha mkono wa mgeni na pesa yake.

Disneyland ilipofunguliwa California tarehe 17 Julai 1955, mtu mzima alilipa kiingilio cha dola 1, kisha akalipia michezo mmoja mmoja. Kufikia Oktoba mwaka huohuo vilikuja vitabu vya kuponi za herufi A, B na C. D iliongezwa mwaka 1956, na E, ya michezo mikubwa kuliko yote, mwaka 1959. Kuponi ilinunuliwa kwa pesa, lakini machoni pa mtoto ilikuwa karatasi ya kuchezea. Mwaka 1961 bustani ya Six Flags Over Texas ilianza na bei moja kwa michezo yote, na Disney nayo ikaacha kuponi mwaka 1982. Michezo ikishalipiwa langoni, kilichobaki kuuzwa ndani ni chakula, zawadi na kumbukumbu.

Ulaya nako kulikuwa na njia yake. Klabu ya likizo ya Club Med, iliyoanzishwa na Gérard Blitz mwaka 1950 kwa kambi ya mahema katika kisiwa cha Mallorca, baadaye iliwapa wageni shanga za kulipia vinywaji. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hashangai kusikia hilo: misafara ya karne ya 19 ilibeba shanga hadi Ujiji, nazo zilikuwa fedha kamili sokoni. Ila mfanyabiashara wa Ujiji alizijua shanga zake kwa rangi na kwa idadi. Mgeni wa Club Med, akiwa na vazi la kuogelea tu, alizichomoa shingoni bila kukumbuka bei.

Mwaka 2013 Walt Disney World, kule Florida, ilianza kuwavisha wageni bangili iitwayo MagicBand. Mpango mzima uliozaa bangili hiyo ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 1. Ndani ya bangili mna kifaa kidogo cha mawimbi ya redio. Mgeni aliigusisha langoni akaingia, akaigusisha mlangoni akafungua chumba cha hoteli, akaigusisha dukani na kubonyeza namba ya siri, na deni likaandikwa kwenye akaunti ya chumba chake, iliyounganishwa na kadi yake ya benki.

Bangili hukuza matumizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni muda. Saa moja kwenye foleni ni saa moja ambayo mgeni hanunui kitu, na bangili hupunguza foleni. Mwaka 2014 wakuu wa Disney walisema mfumo huo uliwezesha Magic Kingdom, moja ya bustani za Walt Disney World, kupokea wageni wapatao 3,000 zaidi kwa siku wakati wa msongamano wa Krismasi. Ya pili ni uchungu wa kulipa. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha jaribio la mnada wa tiketi za mpira wa kikapu: waliojua watalipa kwa kadi walitaja bei ya wastani iliyozidi maradufu ile ya waliolipa taslimu. Ikiwa kadi inayotolewa kwenye pochi hupunguza uchungu kiasi hicho, bangili ambayo haivuliwi mkononi ina nafasi ya kuupunguza zaidi.

Daftari halikupotea, ila limehama. Bustani sasa inajua nani alinunua nini, wapi na saa ngapi. Ndiyo maana mwaka 2013 mbunge wa Marekani Edward Markey aliiandikia Disney akihoji usalama wa taarifa za watoto.

Kwetu, M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, pesa nayo iliondoka mkononi. Lakini kila ukilipa, simu hukuletea ujumbe: umetoa kiasi hiki, umebakiwa na hiki. Daftari linarudi kwako papo hapo. Bangili ya Florida huwasha taa ya kijani kwenye kifaa inapogusishwa, na salio hailitaji.

Teknolojia hii imepunguza adha ya foleni na funguo, na hilo ni jema. Lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mzazi anayewapeleka wanawe kwenye bustani za namna hii, au kwenye hoteli ya ufukweni inayotumia bangili, aweke kiwango kabla ya kuingia, achukue risiti, na azisome jioni ileile, kabla watoto hawajaomba tena kesho yake.