Historia ya Mayi ya Risasi

Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga, Mayi-Mayi waliotaka Katanga ikatwe kutoka Kongo, waliingia Lubumbashi kwa miguu mpaka katikati ya mji. Baadhi walishika bunduki, wengine pinde na mishale, na miilini walivaa hirizi. Jeshi la serikali likawafyatulia risasi. Siku ile ile zaidi ya 200 kati yao walijisalimisha kwenye kambi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Ni rahisi kuucheka ushamba wao na kwenda zako. Lakini mayi, maji ya dawa yanayoaminiwa kuzuia risasi, yana historia ndefu, na anayeifuata anakuta jambo jingine: ni historia ya watu ambao vita viliwafikia kabla hawajapata muda wa kujifunza kupigana.

Tuanzie mbali, China ya miaka ya 1890, mkoa wa Shandong, mahali ambapo mwalimu wa ngumi alikuwa mtu wa heshima kijijini. Liu Shiduan wa Chama cha Panga Kubwa alifundisha kinga iliyoitwa kengele ya dhahabu. Mwanafunzi alimeza hirizi ya karatasi, akabana pumzi, akapigwa kwa matofali na mapanga usiku baada ya usiku mpaka mwili ukazoea. Kinga hiyo ilikuwa na maana yake, kwani maadui wa kwanza walikuwa majambazi, nao hukimbia wakikutana na mtu asiyekimbia. Serikali ilimuua Liu mwaka 1896. Kwingineko, Zhao Sanduo, bingwa wa mtindo wa Meihuaquan, alipoanza kuwaunganisha wanafunzi na ugomvi dhidi ya Wakristo, walimu wenzake walimkataa. Ikabidi abadilishe jina la kundi, liwe Yihequan. Wazee wale waliona ufundi wao unageuzwa kitu kingine, na kweli uligeuzwa. Kaskazini-magharibi mwa mkoa, watu wa Zhu Hongdeng hawakuhitaji tena matofali. Kijana alisujudu kuelekea kusini-mashariki, akaita Guan Yu au nyani Sun Wukong, miungu aliyoizoea kwenye michezo ya jukwaani, akapandisha, akainuka mpiganaji. Kazi ya miaka ikawa ya siku chache. Ukame ulileta vijana wengi wasio na kazi shambani, na Juni 1900 wakawazingira wageni katika balozi za Beijing, mpaka majeshi ya mataifa manane yalipofika Agosti.

Huku kwetu muda wa mafunzo ulipungua zaidi. Ngarambe, kusini mwa Tanganyika, mganga Kinjikitile Ngwale alitoa maji yenye mtama na mafuta ya mbarika. Mtu alikunywa au kunyunyiziwa, akarudi kwao yuko tayari. Tarehe 30 Agosti 1905 bunduki za rashasha za Wajerumani ziliwafyeka wafuasi wa maji pale Mahenge. Mwaka 1964, huko Kongo, waasi walioitwa Simba walichanjwa chale, wakanyunyiziwa dawa, wakaenda wakipaza sauti: Mayi Mulele!

Wako watakaouliza China inaingiaje hapa. Sidai kwamba mtu yeyote aliileta kengele ya dhahabu Kongo. Pierre Mulele, kiongozi wa waasi ambaye jina lake Simba walilipaza, alipata mafunzo China kweli, lakini aliyojifunza yalikuwa ya Mao, si ya Zhu Hongdeng. Kinachofanana ni hali: kunapokuwa na umati mkubwa na mwalimu mmoja, somo lazima lifupishwe. Angalia miiko ya Simba. Usiibe, usiguse mwanamke, usigeuke nyuma vitani. Hayo ni mafunzo ya kuruta yaliyobanwa yakawa makatazo, kwa sababu hakukuwa na miezi sita ya gwaride.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dawa iliua, na mganga alijikinga kwa miiko hiyo hiyo: aliyekufa alivunja mwiko, basi. Ni kweli, na wapiganaji waliozingira balozi za Beijing vilevile walisingizia uchafu wa wanawake. Lakini ujinga peke yake hauelezi ni kwa nini Simba waliteka Stanleyville mwanzoni mwa Agosti 1964 mbele ya askari wenye silaha nzuri kuliko zao. Askari wale nao waliamini mayi, wakatupa bunduki wakakimbia. Dawa ilifanya kazi ndani ya kichwa cha adui. Waziri mkuu Tshombe alipoleta mamluki na majandarme wa Katanga, watu ambao hawakuogopa mayi, mambo yakageuka upesi.

Kwa hiyo mayi hayakuwahi kupimwa na risasi tu. Yalipimwa pia na anayeshika bunduki. Lubumbashi mwaka 2013 askari hawakukimbia, na kinga waliyoipata waliobaki ilikuwa ukuta wa kambi ya MONUSCO.