Mlima Uliozaa Gia

Barabara itokayo Saint-Étienne, mji wa Ufaransa, kwenda kusini haimpi mwendesha baiskeli muda wa kupasha misuli moto. Nyumba za mji hazijaisha na mlima umeshaanza. Barabara inapita kijiji cha Planfoy, inajipinda, kisha inazama kwenye msitu wa misonobari mirefu ambamo jua la mchana hufika chini vipande vipande. Baada ya zaidi ya kilomita 10 na mwinuko wa mita 600 hivi, inafika kwenye kipito kilicho mita 1,161 juu ya usawa wa bahari. Mvua inyeshayo kaskazini mwa hapo huteremkia mto Loire hadi Atlantiki. Ya kusini huufuata mto Rhône mpaka Mediterania.

Kipito hicho kina majina mawili. La zamani ni Col du Grand Bois, yaani kipito cha Msitu Mkubwa. La pili, Col de la République, huhusishwa na waumini walioingia msituni humo enzi za Mapinduzi ya Ufaransa wakitaka kuanzisha jamhuri yao ya Kristo. Jamhuri haikusimama, jina likabaki. Kwa kimo, mlima huu ni mdogo; Galibier, kule Alps, unauzidi zaidi ya mara mbili. Lakini hakuna mlima mwingine Ufaransa ulioigeuza baiskeli yenyewe kama huu.

Chanzo cha mambo ni mji ulio chini yake. Saint-Étienne iliishi kwa makaa ya mawe, riboni za hariri na bunduki. Fundi aliyezoea kutengeneza mitutu alijua tabia za bomba la chuma kama mpishi anavyojua moto wake, na safari ya kutoka mtutu hadi fremu ya baiskeli ni fupi. Mwaka 1886 ndugu wa familia ya Gauthier waliunda hapo baiskeli inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina ya kisasa kutengenezwa Ufaransa, yenye cheni inayoendesha gurudumu la nyuma. Kampuni iliyoasisiwa mwaka 1885 na Étienne Mimard na Pierre Blachon iliuza bunduki na baiskeli katika katalogi moja, na baiskeli zake zikapewa jina la Hirondelle, yaani mbayuwayu.

Katika mji huo aliishi mfanyabiashara wa hariri aitwaye Paul de Vivie, mzaliwa wa Pernes, kusini mwa nchi, mwaka 1853. Baiskeli ilimnasa akiwa mtu mzima. Aliiacha hariri, akafungua duka la baiskeli, na mwaka 1887 akaanzisha jarida lililokuja kujulikana kama Le Cycliste. Humo aliandika kwa jina la Vélocio, na ndilo jina ambalo Wafaransa wanamkumbuka nalo hadi leo.

Husimuliwa kwamba siku moja, akiupanda Msitu Mkubwa kwa jasho, alipitwa na kijana aliyekuwa akikanyaga huku anavuta kiko. Vélocio hakuona haya. Alianza kupiga hesabu. Baiskeli za wakati huo zilikuwa na gia moja tu. Wafaransa hupima gia kwa umbali ambao baiskeli inakwenda kanyagio zikizunguka mara moja. Duara la mbele likiwa na meno 48 na la nyuma 16, gurudumu la nyuma huzunguka mara tatu, na baiskeli husogea zaidi ya mita sita. Kwenye tambarare hiyo ni raha tupu. Kwenye mteremko unaopandwa kwa saa nzima, ni kama kubeba gunia la mahindi kwa goti moja. Ukipunguza meno ya mbele unapanda vizuri, ila ukifika bondeni miguu inazunguka bure na wenzako wanakuacha. Basi kwa nini mtu alazimike kuchagua?

Jibu lake la kwanza lilikuwa la kifundi mno: maduara mawili ya meno mbele, na cheni inayohamishwa kwa mkono. Ilibidi ashuke, ainamishe baiskeli, ainue cheni kwa vidole vilivyojaa grisi, aipachike kwenye meno madogo, kisha apande tena. Ilikuwa kazi chafu, hasa mvua ikinyesha, lakini mguu ulipumua. Baadaye zikaja baiskeli zenye cheni mbili, moja kila upande, halafu vifaa vya kuisukuma cheni kutoka duara moja la meno hadi jingine huku mtu akiendelea kukanyaga. Mafundi wa Saint-Étienne wakashindana kuviboresha. Joanny Panel alitoa kibadili gia chake, Le Chemineau, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na miaka ya 1920 Albert Raimond akaja na Cyclo. Kila kifaa kipya kilipelekwa juu msituni kupimwa, kwa kuwa mlima ulikuwa mlangoni.

Wakati huohuo, barabara ileile ilikuwa inaandika historia ya aina nyingine.

Tour de France ilipoanza mwaka 1903, hatua yake ya pili, kutoka Lyon hadi Marseille, ilipitia Col de la République. Vitabu vingi huipa Ballon d'Alsace, mlima wenye misitu huko Vosges, heshima ya kuwa mlima wa kwanza wa Tour, kwa vile ndio uliotangazwa kwa shangwe mwaka 1905, René Pottier alipofika juu wa kwanza. Ukweli ni kwamba miaka miwili kabla, wanaume wenye gia moja walikuwa wameshaupanda Msitu Mkubwa bila shangwe yoyote.

Mwaka 1904 msitu huo ukaona aibu. Msafara wa Tour ulipofika usiku, umati wa mashabiki wa Faure, kijana wa Saint-Étienne, ulikuwa umejificha gizani. Faure aliachiwa apite, kisha fimbo na mawe vikawaangukia waliomfuata, akiwamo bingwa Maurice Garin. Mwitaliano Giovanni Gerbi alipigwa vibaya. Waamuzi walilazimika kufyatua risasi hewani. Mashindano ya mwaka ule yalijaa udanganyifu mwingine pia, na miezi kadhaa baadaye wanne wa kwanza wote walifutwa. Ushindi ukaenda kwa Henri Cornet, kijana wa miaka 19.

Mkuu wa Tour, Henri Desgrange, alikuwa na ugomvi wake na gia. Mwaka 1902, Touring Club de France ilipokuwa inazipima baiskeli za kitalii milimani, mwanamke aitwaye Marthe Hesse alionyesha uwezo wa gia tatu kwenye njia ngumu. Desgrange hakulainika. Kwake gia za kubadilisha zilikuwa za watu waliovuka miaka 45. Shujaa hushinda kwa nguvu za misuli. Kwa hiyo mabingwa wa Tour waliendelea kusimama chini ya kila mlima, kulegeza nati, kulichomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza, kwani upande wa pili lilikuwa na meno ya kupandia. Juu kileleni waliligeuza tena, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Karani au mwalimu wa Saint-Étienne aliyekwenda matembezi ya Jumapili alikuwa na baiskeli bora kuliko wao. Mambo hayo yaliendelea hadi mwaka 1937, Desgrange alipokuwa amemwachia usukani Jacques Goddet. Kibadili gia kiliruhusiwa, na Roger Lapébie akashinda.

Vélocio hakuishi kuiona siku hiyo. Hakukaa mbali na barabara yake: aliondoka alfajiri kwenda Msitu Mkubwa, aliendesha usiku kucha, hakula nyama, alijifunza Kiesperanto, na kila Pasaka aliwaongoza wafuasi wake hadi Provence, alikozaliwa. Mwaka 1922 wenzake walianzisha siku ya kumheshimu kwa kupanda mlima ule pamoja. Mwaka 1930, akiwa na miaka 76, aligongwa na tramu mjini akiwa anaikokota baiskeli yake, akafariki.

Kiwanda cha Hirondelle nacho kilifilisika miaka ya 1980, na baiskeli za zamani za mji zimetunzwa leo katika Jumba la Makumbusho la Sanaa na Viwanda la Saint-Étienne. Kupanda kwa siku ya Vélocio kumeendelea. Wanaofika juu hukuta jiwe la kumbukumbu lake kando ya barabara, chini ya misonobari. Wasiotaka kurudi mjini huweka cheni kwenye meno makubwa na kuteremka upande wa pili kuelekea Bourg-Argental na bonde la Rhône, njia ambayo yeye aliifuata kwenda kusini.